Majumba Yaliyohama: Historia ya Mtaa wa Kale wa Bagac, Ufilipino

Katika pwani ya magharibi ya rasi ya Bataan, ng'ambo ya Ghuba ya Manila, upo mtaa wa majumba ya zamani ya Kifilipino ambayo mengi yalijengwa kwanza katika miji mingine, yakafumuliwa ubao kwa ubao, yakapakiwa kwenye malori na kusimamishwa tena kando ya bahari. Mtaa huo, unaoitwa Las Casas Filipinas de Acuzar, uko Bagac na ni hoteli ya mapumziko na makumbusho kwa pamoja. Mwanzilishi wake, Jose Acuzar, mfanyabiashara wa ujenzi wa nyumba, alianza kukusanya majumba hayo mwaka 2003, na mwaka 2010 milango ikafunguliwa kwa umma.

Nyumba ya ghorofa inaweza kuhamishwa hivyo kwa sababu ya namna ilivyojengwa tangu awali. Hispania, iliyovitawala visiwa vya Ufilipino kuanzia karne ya 16 hadi 1898, ilileta ujenzi wa mawe katika nchi ya matetemeko, na tetemeko la mwaka 1645 lilipoangusha sehemu kubwa ya Manila, ilidhihirika kwamba kuta nzito za mawe peke yake zingeendelea kuua watu. Ukaenea mtindo wa bahay na bato, yaani nyumba ambayo sehemu yake ya chini imezungushiwa mawe na ya juu ni ya mbao, huku sakafu ya juu na paa vikibebwa na nguzo za miti migumu kama molave, hata ardhi inapotikisika nguzo hucheza bila kuangusha nyumba. Chini kulikuwa na zaguan, ukumbi wa kuingizia magari ya farasi na kuhifadhi magari yaliyobeba sanamu za watakatifu wakati wa maandamano ya kidini. Juu waliishi wenye nyumba, wakipata mwanga kupitia madirisha ya kuteleza yaliyowekwa vipande vya capiz, kombe bapa la chaza linalopitisha nuru lakini linapunguza ukali wa jua. Chini ya dirisha kulikuwa na ventanilla, vidirisha vidogo vyenye vizuizi vya mbao au chuma, vilivyoweza kuachwa wazi usiku ili upepo upite. Mbao hizo zilishikana kwa maungio ya useremala, kwa hiyo fundi mwenye subira anaweza kuzitenganisha, kuzipa namba na kuziunganisha upya mahali pengine.

Majumba ya namna hii yalipungua mno kwa sababu ya Vita vya Pili vya Dunia. Mapigano ya kuikomboa Manila, Februari hadi Machi 1945, yaliua raia wapatao 100,000 na kuuteketeza karibu mji wote wa kale wa Intramuros. Yaliyosalia yalikabiliwa na adui wa polepole zaidi, yaani mirathi isiyogawanyika, wenye mali waliohamia vitongojini na wapangaji waliozidi uwezo wa nyumba. Baadhi ya yaliyohamishiwa Bagac yalipitia hali hiyo. Jumba la Casa Bizantina, lililojengwa mwaka 1890 katika mtaa wa Binondo mjini Manila, liliwahi kuwa shule, na miaka yake ya mwisho mjini lilikuwa makazi ya familia nyingi maskini. Jumba la msanii Rafael Enriquez huko Quiapo, lililojengwa mwaka 1867, ndimo ilimoanzia Shule ya Sanaa ya Chuo Kikuu cha Ufilipino, lakini baadaye liligeuzwa bweni na ukumbi wa michezo. Casa Luna, kutoka jimbo la La Union, ilikuwa ya jamaa za mama wa mchoraji Juan Luna na ndugu yake Jenerali Antonio Luna.

Mume na mke wanaotoka Manila asubuhi kwa matembezi ya siku moja huweza kuingia katika majumba kadhaa kabla ya jua kuchwa, wakiongozwa na wasimulizi waliovaa mavazi ya karne ya 19, na huenda wakakuta harusi ya wenzao, kwa kuwa mahali hapa hupendwa sana kwa sherehe za ndoa. Macho yao yatapata mengi. Jambo wasiloweza kuliona ni barabara ambayo kila jumba lilitazamana nayo, kwa kuwa jirani ya leo alitoka jimbo la mbali, na baadhi ya sehemu zilizopotea zimechongwa upya na mafundi wa sasa.

Hapo ndipo penye ubishi mzito. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao ndio msingi wa uhifadhi wa majengo duniani, unasema kwamba jengo la kihistoria haliwezi kutengwa na mahali pake, na kwamba lihamishwe tu pale usalama wake unapolazimu au maslahi makubwa mno ya kitaifa au kimataifa yanapohalalisha. Desturi ya kukusanya nyumba za kale mahali pamoja ina umri mrefu, kwani makumbusho ya Skansen yalifunguliwa Stockholm mwaka 1891, na Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam ni cha ukoo huohuo, ingawa nyumba zake zilijengwa hapo hapo kwa kufuata mitindo ya makabila. Kwa Casa Bizantina hoja ya uokoaji ina nguvu, kwa maana jumba hilo lilikuwa linaoza mbele ya macho ya mji mzima. Kwa nyumba ya Alberto, katika mji wa Biñan, hoja hiyo ni dhaifu. Hiyo ni nyumba ya jamaa za Teodora Alonso, mama wa shujaa wa taifa José Rizal, na imesimama jirani na uwanja mkuu wa mji. Iliponunuliwa na kuanza kufumuliwa ili ipelekwe Bagac, wananchi walipinga, na serikali ya mji ikachukua hatua za kisheria kuitwaa kwa manufaa ya umma. Nyumba hiyo imejengwa upya Biñan, mahali pake pa asili, na Bagac imebaki na nakala. Sheria ya Urithi wa Utamaduni iliyotiwa saini mwaka 2010, ambayo ilipotungwa ililinda majengo yenye umri wa miaka 50 au zaidi, imeipa miji mingine ya Ufilipino silaha ya kudai haki hiyohiyo, mradi madiwani wake watenge fedha za kuyakarabati majumba kabla mnunuzi hajabisha hodi.