Rangi ya Viambaza vya Gusii

Yafaa ujue, msomaji, kwamba rangi ya ukuta ina historia yake, kama zilivyo nayo vita na falme. Leo, huko Kisii na Nyamira, rangi ya fyulisi bivu ya kupaka vyumbani hununuliwa dukani, ndani ya kopo. Zamani rangi ilitoka ardhini. Mvua nyingi ya milima ile huosha madini mengine na kuacha chuma, nacho kikipata kutu huufanya udongo kuwa mwekundu. Udongo huo ukichanganywa na mweupe, wekundu wake hupungua ukakaribia ule wa fyulisi.

Wanawake ndio waliokandika viambaza kwa udongo na samadi ya ng'ombe, wakavilainisha kwa viganja. Mwezi wa Januari 1908, Otenyo alimchoma mkuki Northcote, mtawala Mwingereza. Majeshi ya serikali yakalipiza kisasi: yakachoma nyumba na kuteka ng'ombe. Fikiri basi hasara ile. Nyumba ikiungua, kazi ya mikono hiyo huteketea pamoja nayo. Na ng'ombe wakitekwa, samadi ya kukandikia huadimika. Jina la Otenyo limo vitabuni. Majina ya wanawake waliojenga upya hayamo.

Kwa hiyo, muulize bibi yako alikochimba udongo wake, ukayaandike majibu. Kiambaza kisichokandikwa hubomoka, na habari zisizoandikwa ni vivyo hivyo.