Folda Yangu Iliitwa "Kiafrika"

Mwaka jana mteja mmoja aliniomba jalada la kitabu cha watoto. Akanitumia picha ya twiga mwenye madoa yanayong'aa, akasema, "Nataka kitu kama hii, lakini ya AI." Nikamwambia hakuna shida, hiyo iko.

Nikafungua folda yangu ya mitindo inayoitwa "Kiafrika". Manze. Picha mia tatu na kitu. Kuta za Wandebele, vitenge, matatu za Rongai, malaika wenye macho makubwa wa makanisa ya Ethiopia, wanyama wa Tingatinga, zote zimerundikwa kama mitumba ya Gikomba kabla haijachaguliwa. Niliona aibu. Mimi ndiye hukasirika wageni wakiongea ni kama Afrika ni nchi moja, na mimi mwenyewe nimeiweka yote kwa folda moja.

Kukusanya mitindo hakukuanza na sisi watu wa promti. Mwaka 1856, huko London, msanifu Owen Jones alitoa kitabu kikubwa kinachoitwa The Grammar of Ornament. Kurasa 100 za rangi: mapambo ya Wamisri, Wagiriki, Waarabu, Wahindi, Wachina, kila watu na sura yao, ili wabunifu wa Uingereza wapate mahali pa kujifunzia. Sura ya kwanza aliipa watu aliowaita "makabila ya kishenzi", wengi wao wa visiwa vya Pasifiki. Cha kuchekesha ni kwamba humo ndani anawasifu sana. Lakini lebo ikishabandikwa imebandikwa. Na mafundi wenyewe, wale walioshika patasi na brashi, karibu wote hawana majina mle.

Sasa turudi kwa twiga wangu. Mkenya akisikia tingatinga anafikiria ile mashine ya kubomoa nyumba asubuhi na mapema. Kumbe ni jina la mtu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania, akafanya kazi kwa mashamba ya mkonge kule Tanga, halafu akaingia Dar es Salaam kutafuta maisha. Karibu 1968 akaanza kuchora. Hakuwa amesomea sanaa mahali popote. Alitumia kile kilichopatikana dukani: mbao nyembamba za kuweka dari, zikikatwa vipande vya mraba vya kama sentimita 60, na rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli. Wateja wake wengi walikuwa wageni waliokuwa wakinunua vitu Oyster Bay.

Ukiangalia hivyo vifaa, unaona mtindo unatoka wapi. Rangi ya baiskeli inang'aa na haipendi kuchanganywa-changanywa, ndiyo maana unaona rangi kavu zilizokaa kando kwa kando. Mraba ni mdogo, kwa hivyo mnyama mmoja anaujaza. Nyuma yake, rangi moja tu. Kazi zake nyingi ni hivyo: chui mmoja, tausi mmoja, basi.

Alichora kama miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kimakosa, wakidhani ni mhalifu anayetoroka. Ndugu zake na vijana aliokuwa amewafundisha wakaendelea, na 1990 wakasajili ushirika wao. Mmoja wao, Simon Mpata, alikuja kufanyia kazi huku Kenya, na kuna hoteli Maasai Mara inayoitwa kwa jina lake. Soko la watalii lilipokua, picha zikaanza kujaa: wanyama kumi, maua, ndege, vijiji vizima.

Hapo ndipo niligundua kosa langu. Nikiandika "Tingatinga" kwa promti, napewa ile fujo ya picha za watalii, kila kona imejazwa. Yule chui mpweke wa mwenyewe haji. Jina limebaki, mtu ametoka. Lakini nikiandika mnyama mmoja, mraba, rangi ya mafuta inayong'aa, nyuma rangi moja, nakaribia zaidi, na sijataja jina la mtu yeyote.

Enyewe hata walio hai wanapitia hiyo. Greg Rutkowski, Mpoland anayechora majoka na vita vya kifantasia, mwaka 2022 jina lake liliwekwa kwa promti nyingi sana mpaka akalalamika hadharani kwamba kazi ambazo si zake zinazagaa mtandaoni zikiwa na jina lake. Kwa Jones fundi alikosa jina. Kwa Rutkowski jina ndilo lilichukuliwa.

Kwa hivyo nilivunja ile folda. Ilinichukua wikendi tatu. Sasa kila picha ina mahali, mwaka hata kama ni wa kukisia, imechorewa juu ya nini na kwa rangi gani. Jina la msanii liko kwa maelezo, na kama yuko hai, haliingii kwa promti. Kuta za Wandebele zimeenda na plasta na chokaa, si na vitenge. Matatu zina folda mbili, kwa sababu ya miaka ya tisini na ya sasa ni vitu viwili tofauti na mtu asinibishie.

Ile kazi ya jalada niliifanya, sitadanganya. Nilimwambia mteja tunaweza kutafuta mchoraji halisi Dar, akasema bajeti haiko, na kodi ya nyumba haingoji. Ni baadaye, nikipanga, ndipo nilivuta ile picha ya twiga nikaona sahihi chini kulia, ndogo, ya rangi nyeupe. Herufi ya kwanza ni M, au labda N. Faili nimeiita "Dar, mbao, twiga mmoja, M au N". Kama kuna mtu anajua huo mkono, aniambie nibadilishe.