Kutoka Baraza la Mwambao hadi Kasuku wa Nairobi

Usemi wa majivuno unaotolewa kama hukumu isiyopingwa una majina kadhaa katika Kiswahili, na kila jina lina sehemu yake: ujuaji hutaja tabia ya msemaji anayejiona ameyajua yote, kasumba, ambalo awali lilikuwa jina la afyuni, hutaja fikra zilizopandikizwa akilini hadi mwenye nazo asizihoji tena, naye kasuku, ndege anayeiga sauti, ni msikilizaji aliyegeuka mwangwi. Jijini Nairobi maneno haya yamebeba historia ya kisiasa inayoanzia katika neno jingine, baraza, ambalo kwa asili halikuwa na kosa lolote.

Katika miji ya mwambao kama Lamu na Mombasa, baraza ni sehemu ya kukalia iliyojengwa mbele ya nyumba, ambapo wanaume hukutana jioni kuzungumza, kutaniana na kubishana, na kwa hiyo jina la mahali likawa pia jina la mazungumzo yenyewe. Utawala wa Waingereza ulilichukua neno hilo hadi bara, ukaita baraza kila kusanyiko ambamo ofisa wa serikali au chifu aliwatangazia watu habari za kodi, za kazi, na za kipande, yaani hati ambayo wanaume Waafrika walilazimika kutembea nayo. Kukaa kulibaki palepale. Kujibu ndiko kulikopungua.

Dagoretti, magharibi mwa jiji, ilikuwa eneo la chifu mkuu Kinyanjui wa Gathirimu, na hapo ndipo mkutano mkubwa ulipofanyika tarehe 24 Juni 1921, machifu wa Kikuyu Association wakiwasilisha malalamiko ya watu mbele ya maofisa na wamisionari. Harry Thuku, mwendeshaji wa simu katika Hazina ya serikali, alihudhuria, lakini wiki chache baadaye alipeleka malalamiko London kwa telegramu bila kupitia kwa machifu, jambo lililowaudhi mno, kwa kuwa lilidokeza kwamba msemaji rasmi si msemaji pekee. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye polisi wakaufyatulia risasi umati uliodai aachiliwe. Hesabu rasmi ilitaja watu 21 waliouawa.

Sheria ya mamlaka ya machifu ya 1937 iliimarisha usemi wa amri, nayo haikuondoka pamoja na bendera ya mkoloni. Mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa mwaka 1963 na kuingiza Riruta, Kawangware na Kangemi, vitongoji hivyo viliingia jijini pamoja na machifu wake na mabaraza yao.

Usemi huo wa amri ulifika kileleni chini ya Rais Daniel arap Moi, ambaye tangu 1978 aliwataka Wakenya wafuate nyayo za mtangulizi wake, Jomo Kenyatta. Aliporejea kutoka Addis Ababa mnamo Septemba 1984, aliwataka mawaziri na watu wengine wote waimbe kama kasuku wakimfuata yeye, akikumbusha kwamba naye aliimba wimbo wa Kenyatta wakati wa Kenyatta. Ni nadra mtawala kuieleza kasumba waziwazi hivyo, tena kwa kujisifu. Taarifa za habari za redio ya taifa zilianza kwa Mtukufu Rais, zikisomwa, kwa kejeli ambayo pengine haikukusudiwa, kutoka jengo lililo kando ya barabara yenye jina la Harry Thuku. Ngũgĩ wa Thiong'o alimgeuza kasuku kuwa dhihaka katika riwaya yake Matigari, iliyotoka kwa Kigĩkũyũ mwaka 1986, akibuni humo taaluma nzima ya ukasuku. Mwaka uliofuata polisi walikusanya nakala zake madukani.

Jibu la raia lilipatikana katikati ya jiji, katika bustani ya Jeevanjee, ambako katika miaka ya 1990 watu wa kawaida walianza kukutana vitini kujadili siasa kwa zamu, wakajiita Bunge la Mwananchi. Huko, mjuaji hukatizwa. Mazungumzo hayo yanakaribia baraza la Lamu kuliko mkutano wowote wa chifu, ingawa sheria ilichelewa kuyatambua: ni marekebisho ya 1997 tu yaliyoondoa leseni ya mikutano ya hadhara na kuacha sharti la kuwaarifu polisi.