Mfalme Aliyegeuzwa Risasi 42,088

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile metali laini, nzito, ya kijivu. Risasi pia ni kile kitu kinachotoka kwenye mdomo wa bunduki. Si bahati tu. Kwa karne nyingi vilikuwa kitu kimoja: unayeyusha hiyo metali, unaimimina, inapoa, umepata ya kujaza kwenye gobori. Leo nataka tuongee kuhusu mfalme wa Uingereza aliyepitia hiyo njia, kutoka juu ya farasi mpaka ndani ya sufuria.

Mwaka wa 1765 bunge la Uingereza liliwawekea watu wa makoloni yake ya Marekani ushuru wa stempu. Karatasi za korti, magazeti, hata karata za kucheza, zote zikatozwa. Watu wakakataa katakata. 1766 ushuru ukaondolewa, na viongozi wa New York wakafurahi hadi wakaamua kumshukuru Mfalme George wa Tatu kwa kumjengea sanamu. Ndio, umesoma vizuri. Walibebeshwa mzigo, wakapiga kelele, wakatuliwa, halafu wakasema asante! Wakenya wenzangu, najua mnacheka kwa nini.

Sanamu ilitengenezwa London na Joseph Wilton, mfalme akiwa juu ya farasi, na ikasimamishwa Bowling Green, New York, mwaka wa 1770. Ukiitazama ni dhahabu. Lakini dhahabu ilikuwa ya kupakwa juu tu. Chini yake ni risasi.

Tarehe 9 Julai 1776, Azimio la Uhuru likasomewa wanajeshi wa George Washington pale mjini. Jioni hiyo wanajeshi na raia wakaenda Bowling Green, wakafunga kamba, wakavuta. Miaka 6 tu tangu asimamishwe, mfalme yuko chini. Kesho yake Washington akawakemea askari wake: nia yenu sijaikataa, lakini hiyo ilikuwa fujo, kazi kama hiyo muwaachie wenye mamlaka.

Wengi wetu hadithi tunaiachia hapo, kwa sababu hapo ndipo kuna picha. Johannes Adam Oertel aliichora hiyo jioni miaka ya 1850, zaidi ya miaka 70 baadaye, na umati akautoa kichwani mwake. Kuna mchoro mwingine wa Ulaya wa karne ya 18 ambao hata farasi hayumo, mfalme amesimama kwa miguu yake. Ni wazi aliyechora hakuwahi kuiona hiyo sanamu.

Swali langu ni tofauti. Kamba zikishafunguliwa na watu wakienda kulala, nini kinafuata?

Kilichofuata ni kazi. Jeshi la Washington lilikuwa na uhaba wa risasi, na hapo chini kumelala mfalme mzima wa risasi. Vipande vingi vikapelekwa Litchfield, Connecticut, nyumbani kwa Oliver Wolcott, mmoja wa waliotia sahihi lile Azimio. Si vyote vilifika. Wafuasi wa mfalme waliiba vingine wakavificha, na mkia wa farasi uko kwenye makumbusho huko New York hadi leo.

Kwa nini nyumbani, si kiwandani? Kwa sababu risasi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 327 hivi, na moto wa kuni unafika hapo bila shida. Chuma kinataka zaidi ya 1,500. Kwa hivyo ukiwa na kuni, sufuria na kalibu ya kumiminia, nyumba yako ni kiwanda. Unamimina, unangoja igande, unafungua, kigololi kinatoka. Halafu unarudia. Halafu tena. Na huo moshi si mzuri hata kidogo. Waulize watu wa Owino Uhuru kule Mombasa, risasi huingia mwilini na haina haraka ya kutoka.

Sasa, Wolcott aliweka hesabu, na hiyo karatasi naipenda kuliko michoro yote. Bi. Marvin, 6,058. Ruth Marvin, 11,592. Laura Wolcott, 8,378. Mary Ann Wolcott, 10,790. Frederick Wolcott, 936. Bi. Beach, 1,802. Watu wengine, 2,182. Zilizogawiwa wanajeshi, 350. Jumla 42,088. Nimezijumlisha mwenyewe, zinatimia.

Angalia hayo majina tena. Karibu wote ni wanawake na wasichana. Laura na Mary Ann walikuwa mabinti wa Wolcott, na Mary Ann alizaliwa 1765, mwaka uleule wa ushuru wa stempu. Frederick ni kaka yao mdogo, hata miaka 10 hajafikisha. Mtoto anapewa 936 zake kwenye hesabu, safi kabisa.

Na walipata nini? Baba yao alikuja kuwa gavana wa Connecticut. Haki ya kupiga kura kwa wanawake iliingia kwenye katiba ya Marekani mwaka wa 1920, miaka 144 baada ya ile jioni. Watu weusi waliokuwa watumwa hapohapo Connecticut walingoja hadi 1848 ndipo utumwa ukafutwa kabisa. Uhuru uliopiganiwa na hizo risasi ulikuwa na orodha yake, na wengi hawakuwemo.

Mimi naona sisi wa kizazi hiki tuko hatarini kurudia kosa la wachoraji. Juni 2024 tuna video za kila pembe, za mabomu ya machozi na za geti la bunge. Lakini nani ana orodha ya waliochangisha pesa za hospitali? Waliofunga vidonda barabarani? Waliozunguka vituo vya polisi wakiandika majina ya waliokamatwa? Video itabaki, hiyo najua. Hao wengine watapotea mtu asipoandika.

Kama ulikuwa mmoja wao, au unamjua, andika sasa. Jina, tarehe, alichofanya. Hata kama ni 936 tu.