Winchester 94: bunduki nyepesi ya mwindaji, na swali la mzee wa kambini

Ndugu wasikilizaji, na nyinyi wahami mnaosoma habari zetu kwa simu ya jirani, leo hatuzungumzi juu ya mapigano. Tunazungumza juu ya bunduki, lakini ile iliyotengenezwa kwa ajili ya nyama ya kula.

Juma lililopita nilikuwa kwenye kambi moja ya wahami hapa Ituri kuuliza habari ya maji. Mzee mmoja, ambaye mbele ya vita alikuwa mwindaji kijijini kwake, akaniita pembeni. Akasema: «Mtoto wangu, wewe uko mtu wa radio, unasoma. Nasikia kwa Wazungu kuna bunduki nyepesi, bei yake ya mtu wa kawaida, risasi moja na nyama inaanguka. Ingetufikia sisi, si njaa ingeisha?» Nilimwambia nitatafuta. Haya ndiyo niliyoyapata, na nilirudi kumsomea yeye kwanza.

Bunduki ya mkulima

Huko Marekani mnyama anayewindwa sana ni ayala. Wanaosoma Biblia wanalijua jina hilo. Kwetu mnyama huyo hayuko, lakini ukimwona utasema ni ndugu wa kulungu. Dume ana pembe zenye matawi, zinazoanguka kila mwaka na kuota upya.

Bunduki iliyojulikana kuliko zote kwa kumwinda ayala ni Winchester ya mwaka 1894, ambayo wengi wanaiita tu «94». Aliyeibuni ni John Browning, fundi wa mji wa Ogden, katika jimbo la Utah. Kiwanda kilikuwa New Haven, katika jimbo la Connecticut.

Wakati ule bunduki nyingi zilitumia baruti nyeusi. Ukipiga, moshi unakufunika, huoni kama mnyama ameanguka au amekimbia. Tena risasi ilikuwa nene na ya polepole. Mwaka 1895 Winchester 94 ikapewa mtutu wa chuma kigumu zaidi na risasi mpya yenye baruti isiyotoa moshi mwingi. Wawindaji waliiita «thelathini-thelathini». Ilikuwa nyembamba, kama milimeta 8 hivi, na iliondoka mtutuni kwa mwendo wa karibu meta 600 kwa sekunde. Kwa mwindaji wa kawaida wa Marekani hilo lilikuwa jambo jipya kabisa.

Uzito wake ulikuwa karibu kilo 3, na mtutu wa ile fupi ulikuwa na sentimeta 51. Mbavu zake ni bapa, hakuna kitu kinachochomoza pembeni. Mkulima aliweza kuifunga kwenye tandiko la farasi, au kutembea nayo porini kutwa nzima bila bega kuchoka. Kuingiza risasi nyingine, anasukuma mbele kile chuma cha chini, pale vidole vinapokaa, halafu anakirudisha. Hakuhitaji kushusha bunduki begani.

Je, ilipiga sawasawa?

Hapa mzee alinikatiza: «Sema ukweli, ilikuwa inapiga mbali?» Hapana. Na sababu yake inaeleweka.

Risasi za 94 zinakaa ndani ya bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, kichwa cha hii kikigusa kitako cha ile. Kama kichwa kingekuwa na ncha kali, mshituko wa bunduki ungeweza kulipua risasi ya mbele yake humo humo ndani. Kwa hiyo risasi zake zilitengenezwa na kichwa butu. Kichwa butu kinazuiwa na hewa, na risasi inapoteza mwendo mapema.

Katika meta 100, mtu akiegemeza bunduki vizuri, risasi zake kwa kawaida zinaanguka ndani ya duara la sentimeta 5 hadi 10. Mahali pa moyo na mapafu ya ayala pana upana wa karibu sentimeta 20. Kwa hiyo kwa umbali huo bunduki inatosha. Lakini ukiilenga kwa meta 100 halafu ukampiga mnyama aliye meta 200, risasi itakuwa imeshuka zaidi ya sentimeta 20. Utamvunja mguu au utampasua tumbo, naye ataenda kufia mbali bila faida kwa mtu.

Tena ganda la risasi lililotumika lilirukia juu. Kwa sababu hiyo ilikuwa vigumu kufunga darubini juu ya bunduki, mpaka kiwanda kilipobadilisha jambo hilo katika miaka ya 1980. Kwa muda mrefu mwindaji alitegemea macho yake na vyuma viwili vya kulengea. Ilimbidi asogee karibu, ajue upepo unatoka wapi, asubiri. Na katika misitu minene ya mashariki mwa Marekani, mtu haoni mbali hata akiwa na darubini.

Juu ya bei, kuna jambo la kukumbuka. Mwaka 1964 kampuni ilibadilisha namna ya kutengeneza ili kupunguza gharama. Vipande vilivyochongwa kwa chuma kizima vikabadilishwa na vingine vya bei ndogo. Wawindaji waliona tofauti mara moja, wakalalamika, na mpaka leo 94 ya mbele ya 1964 inatafutwa zaidi na bei yake iko juu. Hata hivyo watu waliendelea kununua. Bunduki ya milioni moja ilipewa Rais Calvin Coolidge mwaka 1927. Kiwanda cha New Haven kilipofungwa mwaka 2006, zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 7.

Miaka ileile, kwetu

Jina la Winchester si geni kabisa hapa Ituri. Mwaka 1887 msafara wa Stanley ulipita msitu wetu ukitokea Yambuya, mto Aruwimi, na kati ya silaha zake zilikuwamo Winchester za mtindo wa zamani zaidi. Mababu zetu waliziona zikiwa mikononi mwa wapita njia.

Miaka 3 baadaye, mwaka 1890, mataifa makubwa yalikutana Brussels na kuweka sahihi mkataba juu ya biashara ya watumwa. Ndani yake waliweka vizuizi vya silaha kwa sehemu kubwa ya Afrika, Kongo ikiwemo. Bunduki zenye mtutu wa mitaro, zile zinazopiga sawasawa, zilizuiwa. Zile za jiwe la cheche, zenye mtutu laini, na baruti ya kawaida, ziliruhusiwa kuuzwa. Kwa hiyo wakati mkulima wa Marekani alikuwa ananunua 94, mwindaji wa Kongo aliachiwa bunduki ya wakati wa babu yake. Nyingi za aina hiyo zilitoka Liège, Ubelgiji.

Mzee alicheka niliposoma hapo. Bunduki ya baba yake ilikuwa ya pistoni, ya kujaza kwa mdomo wa mtutu. Risasi moja, halafu unaanza upya na baruti na fimbo. «Kupita hatua 40,» alisema, «unamwachia Mungu.»

Ayala walikwisha, kisha wakarudi

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Je, bunduki nzuri ya bei ndogo inamaliza njaa?

Kufikia mwaka 1900, ayala wa Marekani walikuwa karibu kwisha. Makadirio yanasema walibaki nusu milioni, labda chini ya hapo, katika nchi nzima. Lakini 94 ilikuwa na miaka 6 tu. Waliowamaliza walitumia bunduki za mbele yake, na waliwinda kwa ajili ya soko. Treni zilibeba nyama na ngozi mpaka miji mikubwa, na hakuna aliyehesabu kilichobaki porini.

Ndipo sheria zikaja. Mwaka 1900 sheria ya Lacey ilikataza kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo nyama ya pori iliyopatikana kinyume cha sheria. Majimbo yakaweka misimu: miezi ya kuwinda na miezi ya kuacha. Wakaweka ruhusa ya kulipia na idadi ya wanyama kwa kila mtu. Mwaka 1937 Rais Franklin Roosevelt aliweka sahihi sheria nyingine, Pittman-Robertson: kodi ya asilimia 11 kwenye bunduki za kuwindia na risasi zake inarudi kutunza wanyama na pori lao. Mwindaji akinunua risasi, analipia pia ayala wa kesho.

Leo inakadiriwa ayala wa Marekani ni karibu milioni 30. Angalieni vizuri: wakati bunduki 94 zilikuwa zinaongezeka kwa mamilioni, ayala nao walikuwa wanaongezeka. Si kwamba bunduki iliacha kupiga. Watu walikubaliana lini ipige, na kulikuwa na serikali ya kusimamia makubaliano hayo.

Na tusidanganyane, bunduki hiyo nayo iliingia vitani. Katika mapinduzi ya Mexico, kuanzia 1910, «thelathini-thelathini» ilikuwa silaha ya wapiganaji. Katika vita vya kwanza vya dunia Ufaransa na Uingereza zilinunua maelfu. Kuitwa bunduki ya kuwindia hakukuizuia kupigwa kwa watu.

Sisi tunajua upande huo. Mwezi wa sita 2012 watu wenye silaha walivamia kituo cha Epulu, hapa Ituri. Waliua watu, walinzi wa hifadhi wakiwemo, na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale wakaangamia. Katika hifadhi ya Virunga, penye ziwa Edward, viboko walikuwa zaidi ya elfu 20 katika miaka ya 1970. Kufikia 2005 walikuwa chini ya elfu moja. Hawakumalizwa na bunduki za pistoni za wazee wetu. Na sheria tunayo: ile ya uwindaji ni ya tarehe 28 mwezi wa tano 1982, nayo inataka ruhusa na inataka msimu.

Jibu la mzee

Nilipomaliza kusoma, mzee alinyamaza kidogo. Kisha akanieleza kwamba kwao mwenye pori alikuwa anafunga upande mmoja wa msitu wakati wanyama wanazaa. Aliyeingia huko alilipa mbuzi. «Hatukuwa na karatasi,» alisema, «lakini tulikuwa tunasikilizana. Sasa nani anafunga? Kila mtu amekimbia, na walio kule hawaulizi.»

Nikamwuliza: leo nikikuletea hiyo 94, utafanya nini nayo? Akatazama mahema. «Hapa? Hapa nitakamatwa nayo, ao nitanyanganywa na kuuawa. Kwanza turudi nyumbani. Mwenye pori naye arudi. Nyuma ya pale tutaongea bunduki.»

Wazee mliowinda zamani, popote mlipo kambini ao katika familia zilizowapokea, tuambieni: kwenu pori lilifungwa miezi gani, na nani alikuwa na neno la mwisho? Mpeni majibu yenu mtoto anayejua kuandika. Tutayasoma radioni, ili siku ya kurudi vijana wetu wasianzie sifuri.