Kiti cha Pweza Kwa Tangi Yako Kisumu: Atakufagilia ama Atakuchomea?

Kila msee wa Kisumu akianza kupenda akwariamu ya maji chumvi hufika kwa swali moja: si niweke starfish anifagilie uchafu nikichill? Jibu ni kwamba atafagia kiasi, lakini hawezi kutoa taka kwa maji. Na kama hiyo maji umechota Dunga, anadedi haraka.

Watu wa Pwani humwita kiti cha pweza. Ni mnyama wa chumvi tu, hakuna hata aina moja inaishi kwa ziwa ama mto. Miguu yake midogo inaendeshwa na maji anayovuta kutoka nje, na mwili wake hauwezi kusawazisha chumvi ikishuka. Hapa Kisumu hiyo bahari utaikoroga mwenyewe: chumvi ya akwariamu, kama gramu 35 kwa kila lita. Tangi ya lita 100 inakula kilo 3 na nusu, halafu kila ukibadilisha lita 10 unaongeza gramu 350. Chumvi ya ugali haitoshi, haina madini zingine za bahari. Maji ya bomba nayo lazima utoe klorini kwanza. Piga hesabu ya ganji mapema.

Sasa hiyo kazi ya kufagia. Wengi wao hutoa tumbo nje kupitia mdomo, wanalifunika juu ya chakula, wanakiyeyusha, wanalirudisha ndani. Wanakula mabaki ya chakula, samaki aliyekufa, na vidudu vya mchangani. Poa sana, juu wanafikia kona ambazo mkono wako haufiki. Lakini kile anakula lazima kitoke, na kinatoka kama amonia, ile sumu inaua samaki. Bakteria kwa mawe na kwa filta ndio huigeuza polepole mpaka inakuwa naitrati, na naitrati inatoka ukibadilisha maji ama mwani ukiinyonya. Kiti cha pweza amesogeza taka tu, hajaitoa.

Watu wa huku wanaijua hii story. Miaka ya 1990 wadudu waliwekwa ziwani kula gugu maji. Walikula kweli, na gugu lilipungua vibaya. Lakini maji taka na mbolea ya mashamba iliendelea kuingia Ghuba la Winam, na gugu likarudi. Tangi yako ni Winam ndogo.

Kuchagua pia ni muhimu, na hapa ndio wasee wengi huangukia. Yule anauzwa sana kama mfagiaji ni Astropecten, anayejizika kwa mchanga. Kwa tangi ndogo anamaliza vidudu vyote kwa miezi michache, halafu anaanza kufa njaa polepole. Huoni kitu, amejificha. Ncha za mikono zinaanza kuisha, anafia chini ya mchanga, anaoza, amonia inapanda, na samaki wanaenda naye. Kama tangi si kubwa na mchanga si mwingi, achana na yeye.

Yule mrembo wa Pwani mwenye nundu nyekundu, Protoreaster linckii, anakula kombe na sponji, kwa hivyo usimchanganye na hao. Afadhali wale wenye mikono myembamba kama nyoka: mchana wanajificha chini ya mawe, usiku wanaokota mabaki. Isipokuwa yule wa kijani, Ophiarachna incrassata. Huyo anawinda samaki wakilala.

Na usiende likizo Malindi ama Watamu ukajiokotea. Hizo ni mbuga za baharini tangu 1968, na kuokota huko ni kesi. Hata wa halali, Mombasa mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 800, na akifika usimmwage tu kwa tangi. Mwongezee maji yako tone kwa tone kwa masaa kadhaa, na usimtoe hewani hata kwa selfie.

Lakini kusema ukweli, mbona uteseke hivi yote na mfagiaji wa mtaa yuko? Ochong'a, wale kamba wadogo ambao wavuvi wa omena huwanasa na wengi huishia kuwa chakula cha kuku, wanaokota majani yanayooza na mwani kutwa nzima, bila chumvi. Wapatie mimea ya kujificha, juu fulu akiwaona ni lunch. Kama hujawahi kuona samaki wa ziwa kwa kioo, pitia akwariamu ya Kisumu Museum kabla utoe doo.

Kitu moja usichukue ufuoni ni konokono. Kuna wale wa jamii ya Biomphalaria wanaobeba kichocho, na vijidudu vyake vinatoka kwa konokono na kupenya ngozi yako ukitia mkono kusafisha kioo. Maji ya ziwa nayo yachuje, uyaache kwa ndoo siku 2 nzima bila konokono hata mmoja, ndio sasa utie mkono.