Jinsi muuzaji anavyoweza kutambua malipo bandia na barua pepe za walaghai

FUNDI wa nakshi katika mtaa wa Langoni, kisiwani Lamu, huenda akatumia majuma kadhaa kuchonga sanduku moja la mbao. Mlaghai wa mtandaoni huhitaji barua pepe tatu au nne tu kumpokonya sanduku hilo pamoja na akiba yake ya benki.

Wengi wameonywa kuhusu hatari ya kununua bidhaa zisizokuwepo mtandaoni. Ni wachache walioelezwa kwamba hata anayeuza aweza kuibiwa, tena na mtu anayejidai kuwa mnunuzi.

Suala hili lina uzito wa pekee katika visiwa vya Lamu. Mji Mkongwe wa Lamu uliorodheshwa na UNESCO kuwa Turathi ya Dunia mwaka 2001, na kwa muda mrefu mafundi wa milango, viti vya enzi na majahazi madogo ya mapambo wamewategemea wageni wanaopita madukani mwao.

Utekaji nyara wa wageni huko Kiwayu na Manda mwaka 2011, mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014 na janga la Covid-19 mwaka 2020 viliwapunguza wageni hao. Kwa fundi asiyepata mteja mlangoni, kuweka picha za kazi yake mtandaoni ni njia mojawapo ya kumfikia mnunuzi wa mbali.

Hata hivyo, mteja wa mtandaoni haonekani uso. Muuzaji hubaki na barua, picha na ahadi, na hivyo vyote huweza kughushiwa.

Mtego wa fedha za ziada

Hila iliyozoeleka zaidi ni ya kulipa kupita bei. Tuseme fundi ametangaza sanduku kwa Sh80,000. Mnunuzi wa ng'ambo anakubali bei hiyo mara moja, bila kuuliza aina ya mbao wala vipimo. Anasema kuwa yeye ni mhandisi melini, hivyo hawezi kupiga simu.

Baada ya siku chache hundi ya benki ya kigeni inafika, lakini imeandikwa kiasi kinacholingana na Sh230,000. Mnunuzi anaeleza kuwa Sh150,000 za ziada ni za wakala atakayelichukua sanduku Mokowe na kulifikisha bandarini Mombasa. Anamsihi fundi amtumie wakala huyo fedha zake upesi, kwa kuwa meli inakaribia kuondoka.

Hapo ndipo penye mtego. Hundi ya nchi za nje huweza kuchukua majuma kadhaa kabla ya benki iliyotajwa juu yake kuthibitisha kwamba ni halali. Baadhi ya benki humruhusu mteja kutumia fedha hizo kabla ya uthibitisho huo, lakini idhini hiyo si ithibati kwamba hundi ni ya kweli.

Hundi ikigunduliwa kuwa bandia, benki huondoa fedha zake kwenye akaunti ya fundi. Sh150,000 alizomtumia wakala zilitoka mfukoni mwake mwenyewe, na wakala huyo ndiye mlaghai. Iwapo sanduku nalo limekwisha kuchukuliwa, hasara ya fundi inafika Sh230,000, mbali na ada za benki.

Walaghai hupenda ziada hiyo itumwe kwa njia ambazo fedha zikishachukuliwa hazirudi. Mnamo Januari 2017, kampuni ya Western Union ilikubali kulipa dola milioni 586 kwa serikali ya Marekani baada ya kukiri kwamba haikuwazuia ipasavyo baadhi ya mawakala wake walioshirikiana na walaghai.

Kanuni ya kujikinga na hila hii ni moja, nayo haina msamaha: muuzaji hapaswi kumrudishia mtu ziada, wala kumlipa wakala wa mnunuzi kwa niaba yake. Mnunuzi aliye na wakala amlipe mwenyewe.

Barua pepe bandia

Wajerumani walipofungua posta kisiwani Lamu mwaka 1888, barua ilibeba mhuri wa mahali ilikopitia. Barua pepe haina mhuri wa namna hiyo. Kanuni za kusafirisha barua pepe zilizochapishwa mwaka 1982 hazikumtaka mtumaji athibitishe jina lake, na ingawa ukaguzi umeongezwa baadaye, jina linalosomeka juu ya barua bado huweza kuandikwa na yeyote apendavyo.

Ndiyo sababu muuzaji aweza kupokea barua yenye nembo na rangi za PayPal, au za benki mashuhuri, ikimwarifu kuwa amelipwa. Barua kama hizo mara nyingi hudai kwamba fedha zimezuiwa hadi atume nambari ya mzigo, au hadi alipe ada ya kupandisha daraja la akaunti yake.

Jambo la kwanza la kukagua ni anwani kamili ya mtumaji, si jina lake tu. Kampuni kubwa ya malipo haiandiki kutoka kwa anwani za bure ambazo mtu yeyote hujifungulia.

La pili ni jina la tovuti, ambalo husomwa kutoka mwisho. Iwapo maneno paypal.com yamefuatiwa na nukta na jina jingine, mwenye tovuti ni huyo wa mwisho, wala si PayPal. Kistari nacho hubadili mmiliki: neno paypal likiunganishwa kwa kistari na neno "malipo" ni jina jingine kabisa, ambalo yeyote aweza kulisajili.

La tatu ni salamu. PayPal hueleza kwamba huwaandikia wateja wake kwa majina yao kamili au ya biashara zao. Barua inayoanza kwa "Mteja mpendwa" yafaa kutiliwa shaka, ingawa jina sahihi pekee si uthibitisho kuwa barua ni ya kweli.

La nne ni haraka na vitisho. Barua isemayo kwamba akaunti itafungwa baada ya saa 24, au kwamba muuzaji atashtakiwa asipotuma mzigo, imekusudiwa kumnyima nafasi ya kufikiri.

Zamani makosa ya sarufi yalikuwa dalili kubwa. Siku hizi kompyuta huweza kuandika barua safi kwa lugha nyingi, kwa hivyo lugha nzuri haimtakasi mtumaji.

Isitoshe, walaghai wengine hutumia huduma halisi ya PayPal kutuma ankara au ombi la kulipwa. Barua ya namna hiyo hutoka kwa PayPal kweli, lakini inamwomba muuzaji atoe fedha, si apokee. Asiyesoma kwa makini huidhinisha malipo akidhani ndiye anayelipwa.

Njia ya hakika ni kutobonyeza kiungo chochote kilicho ndani ya barua. Muuzaji aandike mwenyewe anwani ya tovuti, aingie katika akaunti yake na kutazama salio. Hata pale PayPal inapozuia fedha kwa muda, malipo hayo huonekana ndani ya akaunti. Yasipoonekana humo, hayapo.

Malipo yanayorudishwa

Huenda fedha zikaingia kweli na bado zikaondoka. Hali hii hutokea mnunuzi anapotumia kadi ya benki iliyoibwa. Mwenye kadi akigundua, hulalamika kwa benki yake na malipo hufutwa. Katika PayPal, mnunuzi ana siku 180 za kuwasilisha malalamiko yake.

Muuzaji hujikinga kwa kutuma mzigo kwenye anwani ile ile iliyoandikwa katika ukurasa wa malipo, kwa msafirishaji anayetoa nambari ya kuufuatilia, na kuhifadhi stakabadhi. Mnunuzi akitaka mzigo upelekwe kwingine baada ya kulipa, au uchukuliwe na mjumbe wake, kinga hiyo huweza kupotea.

Wakenya wamepata kutoa fedha za PayPal kupitia Benki ya Equity tangu mwaka 2014, na huduma ya kuzihamishia M-Pesa ilianzishwa mwaka 2018. Lakini kuzitoa fedha hakufuti deni iwapo malipo yatabatilishwa baadaye.

Ujumbe wa M-Pesa

Tangu M-Pesa ianzishwe na Safaricom mwezi Machi 2007, ujumbe mfupi wa simu umekuwa stakabadhi ya biashara nyingi nchini. Walaghai nao wamejifunza kuuiga ujumbe huo, wakaweka jina, kiasi na salio la kubuni.

Ujumbe halisi huja kwa jina MPESA, wala hautoki kwa nambari ya simu ya kawaida. Hata hivyo, jina la mtumaji lisitegemewe peke yake. Muuzaji apige *334# au afungue programu ya M-Pesa, atazame salio lake kabla ya mzigo kupakiwa mashuani. Picha ya ujumbe iliyotumwa na mnunuzi si malipo.

Kadhalika, yeyote apigaye simu akidai ametuma fedha kimakosa na kuomba arudishiwe hapo hapo, aelekezwe kufuata utaratibu wa Safaricom, ambapo aliyekosea hupeleka ujumbe wake wa malipo kwa nambari 456. Nambari ya siri haipewi mtu yeyote, hata anayejitambulisha kama mhudumu wa kampuni.

Ada ya kibali

Biashara ya Lamu ina mwanya mwingine. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inazuia vitu vya kale kupelekwa nje ya nchi bila kibali. Miongoni mwa vitu vinavyolindwa ni milango na miimo iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka 1946.

Mlaghai anayeijua sheria hiyo aweza kujifanya mnunuzi wa mlango wa kale, kisha akatuma barua nyingine kwa jina la afisa wa forodha au wa makavazi, akidai ada ya kibali ilipwe kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Muuzaji mwenye shaka na afike mwenyewe katika jumba la makavazi la Lamu kuuliza. Kufanya hivyo kutamwepusha pia na hatari ya kuvunja sheria bila kukusudia.

Dalili kwa muhtasari

Muuzaji asimamishe biashara mara aonapo mojawapo ya mambo haya:

- Mnunuzi anakubali bei bila kuuliza lolote kuhusu bidhaa.

- Ana udhuru kila anapoombwa kuzungumza kwa simu.

- Analipa zaidi ya bei na kutaka ziada itumwe kwa mtu wa tatu.

- Anamtaka muuzaji alipe ada yoyote ili apate kulipwa.

- Anashurutisha wakala au tovuti ya malipo aliyoichagua mwenyewe.

- Anaomba neno la siri, nambari ya siri ya muda iliyotumwa kwa simu, au picha ya kitambulisho na kadi ya benki.

- Anahimiza mzigo uondoke kabla fedha hazijaonekana kwenye akaunti.

Aliyekwisha kutapeliwa

Saa za kwanza ndizo zenye thamani. Muuzaji aiarifu benki au kampuni iliyosafirisha fedha mara moja, kwani fedha ambazo hazijachukuliwa huenda zikazuiliwa. Mzigo ambao bado uko Mokowe au njiani urudishwe. Maneno ya siri yabadilishwe, kuanzia la barua pepe.

Barua zisifutwe. Zihifadhiwe pamoja na nambari za simu, tarehe na stakabadhi, kwa kuwa sehemu ya barua pepe isiyoonekana kwa kawaida huonyesha njia iliyopitia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Ripoti hupelekwa kituo cha polisi kilicho karibu au kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI). Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya pia hupokea ripoti za uhalifu wa mtandaoni kupitia kituo chake cha KE-CIRT/CC. Nambari za walaghai wa M-Pesa hutumwa kwa Safaricom kupitia 333 bila malipo. Barua zinazoiga PayPal huweza kupelekwa kwa phishing@paypal.com.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ilipopitishwa mwaka 2018, kifungu chake cha 30 kiliweka faini isiyozidi Sh300,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au adhabu zote mbili, kwa anayetumia tovuti au ujumbe wa kughushi kumnasa mtu atoe siri zake.

Lakini mshtakiwa aliye nchi ya mbali ni vigumu kufikishwa mahakamani, na fedha zilizokwisha kuvuka mipaka ni nadra kurudi. Kinga iliyo bora imo mikononi mwa muuzaji mwenyewe: kutotoa bidhaa wala shilingi yoyote hadi aone malipo kwenye akaunti yake, na hadi benki ithibitishe kuwa hundi imekubaliwa.

Mnunuzi wa kweli hatachukizwa na tahadhari hiyo. Aliyetamani sanduku la Lamu kutoka ng'ambo ya bahari aweza kungoja siku chache zaidi. Asiyeweza kungoja ni yule ajuaye kwamba hundi yake itarudi.